Umepata kazi baada ya kukaa nyumbani? Nyoosha ushuru kabla mshahara wa kwanza haujaingia

Kijana mmoja aliingia ofisini kwetu Jumatatu asubuhi, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amekaa zaidi ya miaka minne bila ajira, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Kitambulisho anacho, vyeti vya shule anavyo, hata barua ya chifu ameibeba, ingawa hakuna aliyemwitisha. Nikamuuliza PIN ya KRA, yaani namba yake ya mlipa ushuru kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Akanipa karatasi iliyotolewa kopi ya kopi hadi mwisho wake hausomeki: hii ni Z au ni 2?

"Madam, mimi mwenyewe sijui," akasema, akacheka kidogo.

PIN ya mtu binafsi huanza na herufi A, zikafuata tarakimu tisa, ikafungwa na herufi moja. Kwa hiyo ilikuwa Z. Hilo lilikuwa jepesi. Nikamwambia aingie iTax, mtandao wa ushuru wa KRA, kwa simu yake tuone akaunti ikoje. Nywila haikumbuki. Tukaomba mpya, nayo ikatumwa kwenye barua pepe ya saiba iliyomfungulia akaunti miaka hiyo. Saiba yenyewe ilishakufa. Pale sasa wanauza vifaranga.

Mimi hushika hesabu za mishahara katika kampuni ndogo hapa Mombasa, na visa vya namna hii haviishi. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja. Watu hudhani mwaka ambao hawakupata senti ni mwaka ambao mtoza ushuru hakuwa na habari nao. Ukishakuwa na PIN, kila mwaka una ritani yake, yaani tamko la mapato ya mwaka, ulipwe usilipwe. Miaka ya kukaa nyumbani ndiyo humfuata mtu hadi kwenye kazi mpya, tena kwa faini.

Haya ninayoeleza ni ya Kenya, na viwango ni vya mwaka 2025.

Kwanza, ipate akaunti yako

Usianze na ritani, wala usianze na faini. Anza na mlango. Fungua itax.kra.go.ke, andika PIN yako, kisha nywila. Hapo pana kihesabu kidogo cha kujumlisha au kutoa ambacho lazima ukijibu ndipo uruhusiwe kuingia. Kinawakwamisha watu wazima kila siku kwa sababu huandika jibu haraka bila kuangalia kama alama ni ya kutoa.

Ukiwa umesahau nywila na barua pepe iliyosajiliwa ni yako, omba nywila mpya na itakujia. Kama barua pepe ni ya saiba, ya mpenzi wa zamani au ya simu iliyoibiwa, beba kitambulisho chako halisi uende Huduma Centre au ofisi ya KRA ukaombe ibadilishwe. Nenda mwenyewe. Usimtume mtu, na usikubali tena kuwekewa barua pepe isiyo yako eti kwa vile huna. Kufungua barua pepe ni bure, na dakika kumi zinatosha.

Kama hujawahi kuwa na PIN kabisa, kujisajili pia ni bure. Anayekulipisha saiba anakulipisha kazi yake ya kuandika, na hilo si kosa, mradi anuani ya barua pepe na namba ya simu ziwe zako. Wala usijaribu kufungua PIN ya pili kwa kuwa ya kwanza imekushinda. PIN imefungwa na namba ya kitambulisho chako.

Ukishaingia, tazama maelezo yako: jina, namba ya simu, wajibu wa ushuru ulioandikiwa. Wakati mwingine mtu hukuta ameandikishwa wajibu asioujua, kwa mfano VAT, kwa sababu aliyemsajili alibonyeza kila kisanduku alichokiona. Ukikuta hivyo, shughulikia mapema, maana kila wajibu una ritani zake na za VAT ni za kila mwezi.

Pili, hesabu miaka yako kwenye karatasi

Chukua kalamu. Andika miaka yote tangu mwaka ulioacha au kuachishwa kazi, mmoja chini ya mwingine. Mwaka wa ushuru kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba, na ritani yake mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Tumchukue kijana wangu. Aliachishwa kazi Machi 2021. Akapata hii ya sasa katikati ya Agosti 2025. Ritani ya 2020 alikuwa ameiwasilisha akiwa bado kazini. Mbele yake kuna 2021, 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 ulikuwa bado haujafika zamu yake; huo angeujaza kabla ya mwisho wa Juni 2026.

Sasa kwa kila mwaka jiulize maswali matatu. Je, nililipwa mshahara hata mwezi mmoja? Je, nilifanya kazi ya kandarasi nikakatwa asilimia 5 juu kwa juu? Je, nilikuwa na biashara iliyoniingizia chochote? Majibu yote matatu yakiwa hapana, mwaka huo ni wa ritani ya sufuri, ile watu huiita "nil". Likipatikana ndiyo hata moja, mwaka huo si wa sufuri.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, na kijana wangu alikuwa karibu kujikwaa. Alitaka kujaza nil miaka yote minne, yaishe. Lakini 2021 alilipwa Januari, Februari na Machi. Mwajiri wake wa zamani alipeleka taarifa ya PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) ya miezi hiyo mitatu pamoja na PIN yake. Yaani KRA inajua alilipwa, halafu yeye aandike kwa mkono wake kwamba hakupata kitu. Mwaka huo unahitaji fomu ya P9 (muhtasari wa mshahara na ushuru uliokatwa) ya miezi mitatu kutoka kwa mwajiri yule. Mpigie simu, mwandikie, mfuate. Kama kampuni imefungwa, kusanya slipu zako za mshahara na taarifa za benki za miezi ile uende nazo ofisi ya KRA wakutazamie kilichoingizwa kwa PIN yako.

Kuhusu vibarua vya kandarasi: ukifanya kazi ya ushauri au ya kitaalamu, anayekulipa hukata asilimia 5 akaipeleka KRA kwa jina lako, na hati yake huonekana ndani ya akaunti yako. Pesa hiyo ni yako, inahesabiwa kama ushuru uliokwisha lipa. Ukijaza nil, umesema uongo na umejinyima haki yako kwa pamoja. Kwa aliyekwisha jaza nil kimakosa, iTax ina njia ya kurekebisha ritani iliyowasilishwa. Itumie kabla hujaulizwa.

Na biashara? Najua mtu akikaa bila kazi hakai kweli bila kazi. Anauza mitumba, anapeleka boda, anaandikia watu makala mtandaoni. Mapato ya mwaka yakiwa chini ya milioni moja huingii kwenye ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3, lakini mapato hayo bado ni mapato na mahali pake ni kwenye ritani ya mwaka. Nil ni tamko kwamba hukupata kitu.

Tatu, jaza za sufuri kuanzia ya zamani

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maelezo yake. Ukiwa ndani ya iTax, nenda palipoandikwa "Returns", kisha "File Nil Return". Chagua kwamba unajijazia mwenyewe, chagua wajibu wa ushuru wa mapato wa mkaazi, halafu weka tarehe ya kuanza, mfano 01/01/2022. Tarehe ya mwisho itajijaza. Wasilisha. Itatoka risiti yenye namba. Ipakue papo hapo.

Anza na mwaka wa zamani zaidi ushuke. Kama mwaka wa kwanza kwenye orodha yako ni ule wenye P9, malizana nao kwanza.

Fanya hivi usiku au alfajiri, na si wiki ya mwisho ya Juni. Wiki hiyo nchi nzima huwa imekumbuka, mtandao unaburura, na saiba zina foleni kama ya kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni.

Nne, faini

Kuchelewesha ritani ya mtu binafsi faini yake ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, lolote lililo kubwa zaidi. Kwa ritani ya sufuri hakuna ushuru unaodaiwa, kwa hiyo ni Sh2,000 kwa kila mwaka. Kijana wangu: miaka minne, Sh8,000. Aliposikia alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kuna msamaha. Ulikuwepo, uliohusu faini na riba za hadi mwisho wa 2023, lakini dirisha lake lilifungwa tarehe 30 Juni 2025. Yeye alikuja Agosti.

Kulipa, nenda "Payments", tengeneza hati ya malipo, chagua ushuru wa mapato wa mkaazi na aina ya malipo iwe faini. Mfumo utakuonyesha faini za miaka gani zipo. Chagua, wasilisha, utapata karatasi yenye namba ya malipo. Kwa M-Pesa, namba ya biashara ni 222222, na sehemu ya akaunti unaweka hiyo namba ya malipo. Usiweke PIN yako hapo. Unaweza pia kulipa benki kwa karatasi ileile.

Huna Sh8,000 kwa mkupuo? Lipa mwaka mmoja mmoja. Ila ritani zenyewe usizisubirishe pesa. Kuwasilisha hakuhitaji ulipe kwanza, na kila mwaka unaoacha wazi ni faini nyingine njiani.

Tano, cheti, kama wameitisha

Si kila mwajiri anaitisha cheti cha kuthibitisha umetimiza ushuru, kile cha TCC. Kazi za serikali na mashirika mengi huitisha, pamoja na cheti cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Cha DCI kinalipiwa Sh1,050. Cha KRA ni bure, kinaombwa humo humo iTax chini ya "Certificates", kinakuja kwa barua pepe na hudumu miezi 12. Ritani ikikosekana au faini ikibaki, ombi linakataliwa. Ndiyo maana nimekipanga hapa na si mwanzo: wengi huanza na cheti, wanakataliwa, wanarudi kwa HR na hadithi ndefu.

Ukimtumia HR ujumbe kwamba cheti kinashughulikiwa na ritani umeshawasilisha, wengi wataelewa. Ukinyamaza, atadhani unaficha kitu.

Sita, siku ya kwanza kazini

Mpe HR PIN kwa kuiandika kwenye ujumbe, si kwa karatasi iliyofifia. Kosa la herufi moja linatosha kuufanya ushuru unaokatwa usionekane kwenye akaunti yako, na mwaka ujao utasimama na P9 mkononi huku mfumo ukisema hukulipa kitu.

Namba ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni ileile ya zamani. Ukiwa umeipoteza, waulize NSSF kwa kitambulisho, usijisajili upya. Kwa SHA, bima ya afya ya jamii, kama bado hujajisajili, piga *147# na ufuate maelekezo, usisahau kuwaandikisha mke au mume na watoto. Wale waliokuwa NHIF, bima ya zamani, hawakuhamishwa wakawa wamemaliza; ni lazima ujisajili SHA.

HELB ni mada inayowafanya watu wainamishe macho. Kama ulisoma kwa mkopo, sema. Faini ya kutolipa ni Sh5,000 kwa mwezi, na kukaa bila kazi hakuizuii yenyewe tu kama hukuwaarifu. Pata kwanza taarifa ya deni lako kutoka HELB ujue unadaiwa ngapi, kisha mwajiri aanze kukata. Sheria ya ajira inataka makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ikufikie mkononi. Ukiwa na mkopo wa benki au wa chama pia, kumbuka kanuni hiyo.

Kisha mwambie HR mambo ambayo hawezi kuyajua. Una bima ya maisha, ya afya au ya elimu unayoilipia mwenyewe? Leta hati ya bima: unapata nafuu (punguzo la ushuru) ya asilimia 15 ya unacholipa, isiyozidi Sh5,000 kwa mwezi. Una ulemavu uliosajiliwa na una cheti cha msamaha cha KRA? Sh150,000 za kwanza kila mwezi hazitozwi. Una kazi nyingine ya jioni? Sema pia, kwa sababu nafuu ya kibinafsi inatolewa na mwajiri mmoja tu. Tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri akupe nafuu zako zote anapokokotoa PAYE. Lakini hawezi kukupa ile ambayo hati yake imelala kabatini kwako.

Na jambo moja ambalo ningependa ulitazame kabla ya kuweka sahihi. Soma mkataba uone umeajiriwa au umepewa kandarasi. Mtu aliyekaa miaka bila kazi huwa na njaa ya kusema ndiyo, na wapo waajiri wanaolijua hilo. Unaambiwa "mshahara Sh50,000", unakaa dawati lilelile saa zilezile kama wenzako, lakini kwenye karatasi wewe ni mshauri. Unakatwa asilimia 5 tu, yaani Sh2,500, na mwezi wa kwanza unafurahi kwa sababu Sh47,500 inaingia nzima. Hakuna NSSF inayokwenda, hakuna sehemu ya mwajiri. Halafu Juni inafika: ushuru halisi wa mapato yako ni mkubwa kuliko ile asilimia 5, na tofauti ni juu yako, yote kwa pamoja. Kama ndivyo ulivyoandikwa, uliza kwa heshima kwa nini. Wakikataa kubadilisha na bado unaitaka kazi, basi kila mwezi weka kando pesa ya Juni mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi.

Saba, soma slipu ya kwanza, na ya pili

Hapa nitakaa kidogo, maana malalamiko mengi ninayopokea ni ya watu wanaosema wameibiwa kumbe hesabu iko sawa, na wachache wanaonyamaza kumbe wameibiwa kweli.

Chukua mshahara wa Sh50,000 kabla ya makato. NSSF ni asilimia 6, yaani Sh3,000, na mwajiri anaongeza Sh3,000 nyingine juu yake. SHA ni asilimia 2.75, yaani Sh1,375. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh750, na mwajiri naye analipa Sh750. Tangu mwisho wa Desemba 2024 hayo matatu yanaondolewa kwanza, ndipo PAYE ihesabiwe. Kwa hiyo kinachotozwa ni Sh44,875.

Sasa vipande vya PAYE. Sh24,000 za kwanza kwa asilimia 10: Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: Sh2,083.25. Zilizobaki, Sh12,542, kwa asilimia 30: Sh3,762.60. Jumla Sh8,245.85. Toa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, unabaki na PAYE ya Sh5,845.85. Mkononi: Sh39,029.15.

Zungusha hesabu hiyo kwa mshahara wako. Ikitofautiana na slipu kwa shilingi mbili tatu, achana nayo. Ikitofautiana kwa Sh2,400 kamili, nafuu imesahaulika. Nenda kwa anayeshika mishahara ukiwa na karatasi yako, umwambie, "Naomba unisaidie kuelewa hapa." Ukija na "mmenikata pesa zangu", atakusikiliza pia, ila kesho.

Sasa kile kitu kinachowachanganya wageni wote. Kijana wangu alianza kazi katikati ya Agosti, mwezi huo akalipwa Sh22,000. NSSF Sh1,320, SHA Sh605, nyumba Sh330, kilichobaki Sh19,745. Asilimia 10 yake ni Sh1,974.50, ambayo ni chini ya nafuu ya Sh2,400, kwa hiyo PAYE sufuri. Alipata Sh19,745. Septemba akakuta ghafla PAYE ya Sh5,845.85 na akaja kwangu mbio na simu mkononi.

"Madam, mwezi jana sikukatwa hii. Imetoka wapi?"

Haikutoka popote. Nusu mwezi ilikuwa chini ya kiwango, mwezi mzima umevuka. Hakuna kilichobadilika ila siku za kazi. Kwa hiyo kama unapanga nyumba au unaahidi watu nyumbani pesa, usipige hesabu kwa slipu ya kwanza. Subiri ya pili.

Baada ya miezi miwili au mitatu, hakikisha makato yamefika yanakokwenda. Mwajiri anatakiwa kupeleka PAYE kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. NSSF unaweza kuangalia taarifa yako mwenyewe. Slipu inaonyesha kilichokatwa. Taarifa ya NSSF ndiyo inaonyesha kilichofika, na kuna watu wamekuja kugundua tofauti hiyo siku ya kudai mafao.

Nane, Juni ijayo

Kuanzia Januari, ulizia P9 ya mwaka uliopita. Kwa aliyeanza Agosti itakuwa na safu za miezi mitano tu, na hiyo ni sawa. Kama mwaka huohuo ulikuwa na waajiri wawili kwa nyakati tofauti, unahitaji P9 mbili, na mapato ya zote mbili yanaingia kwenye ritani moja.

Ndani ya iTax chagua ritani ya wenye mapato ya ajira pekee. Mfumo huvuta wenyewe kile mwajiri alichowasilisha. Usikiamini tu kwa sababu kimejijaza. Weka P9 kando ya skrini ulinganishe kimoja kimoja: PIN ya mwajiri, mshahara wa jumla, NSSF, SHA, ushuru wa nyumba, nafuu ya kibinafsi kama ilivyo kwenye P9, na PAYE iliyokatwa. Aliyeajiriwa mwaka mzima mahali pamoja na kukatwa sawasawa hutarajiwa afike chini akute sufuri au senti chache.

Ukikuta unadaiwa maelfu, usiwasilishe. Rudi juu. Mara nyingi ni nafuu haikuingizwa, au makato ya NSSF, SHA na nyumba yameachwa wazi, au mwezi mmoja wa PAYE mwajiri hakuupeleka. La mwisho hilo si la kurekebisha wewe. Mpelekee mwajiri picha ya skrini akarekebishe yake kwanza, na ndiyo sababu ninasema lifanyike Februari au Machi, wakati bado kuna muda wa kusukumana.

Kijana wangu alileta simu yake Februari wakati wa chakula cha mchana, tukajaza pamoja. Risiti akaipakua akaipa jina "KRA 2025", akaiweka kwenye folda moja na zile nne za nyuma, akajitumia nakala kwa barua pepe. Barua pepe yake mwenyewe, safari hii.